Kazi za kesho: Mwanasheria wa maji, udongo na madini



Mwanzo wa mwaka mwalimu wetu alituomba kila mmoja aandike juu ya kipande cha karatasi kazi anayotaka kufanya kesho. Sisi wa kikundi cha gazeti ndio tulihesabu zile karatasi. Wengi waliandika munganga. Wengine waliandika injeniere, wengine mwalimu, wawili waliandika piloti. Watatu tu waliandika avoka. Tulipowauliza, avoka wa kufanya nini, walijibu: wa kutoa watu katika gereza.

Ni kazi nzuri, hatuikatai. Lakini kuko wanasheria wa namna nyingine ambao hawaonekani sana, na ambao huku kwetu Tanganyika tunawahitaji kuliko tunavyofikiri: wale wanaojua sheria za maji, za udongo, za misitu na za madini. Tunataka kueleza kazi yao, na kwanza tutaeleza namna sisi wenyewe tulivyojifunza kwamba iko.

MAMBO YALIYOPATA CHEMCHEMI YETU

Wale wa darasa la kwanza hawakuwako wakati ule, basi tunaandika kwa ajili yao. Maji ya shule yetu yanatoka kwenye chemchemi ya mlimani. Wazee wa kijiji walianza kuchota pale mbele ya shule kujengwa. Baadaye walitia tiyo mpaka kwenye robine iliyo nyuma ya jiko. Siku moja wakati wa kiangazi robine ikakauka. Tulifikiri tiyo imepasuka. Tulipopanda tulikuta sengenge, mlango wa chuma, na mlinzi mmoja aliyetuambia: "Batoto, murudie. Hapa ni ndani ya ferme ya mukubwa."

Tangu siku ile, saa ya kwanza ya masomo ilipotea kila asubuhi. Wavulana na wasichana walishuka mtoni na mabidoni, kisha kupanda tena. Tuseme kweli: wasichana walishuka zaidi. Watoto wadogo wa kijiji wakaanza kuhara.

Wazee walikwenda kwa sultani. Sultani akawatuma kwa shefu wa sekta, na huyu akawatuma kwenye biro ya teritwari. Kule waliulizwa neno moja tu: "Baba, muko na karatasi gani?" Mzee mmoja akajibu: "Mayi ni ya Mungu. Nilizaliwa, nikaikuta." Mkubwa hakumkasirikia. Akafungua dosie akawaonyesha. Yule mwenye ferme aliomba ule udongo kwa njia ya sheria. Tangazo la ankete lilibandikwa mlangoni pa biro, kwa Kifaransa. Hakuna mtu wa kijiji aliyekuja kusema neno. Ankete ikafungwa, na nyuma yake sertifika ikatoka.

Jambo lililotuumiza tulilijua baadaye. Siku ile wazee walipofika kwenye biro mara ya kwanza, sertifika ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Katika sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, sertifika iliweza kushambuliwa mbele ya tribinali kwa muda wa miaka miwili tu. Ile miaka miwili ikipita, haitikisiki tena. Aliyepoteza anaweza kuomba malipo ya hasara, basi. Kwa hiyo walibaki na miezi minne. Miezi minne ile waliimaliza wakipanda na kushuka kati ya mabiro, kila mara na kuku mkononi, kila mara na neno "rudi juma lijalo". Hakuna aliyewaambia kwamba saa inatembea.

Mwenye ferme alikuwa na avoka wake tangu siku ya kwanza. Hatusemi kwamba aliiba. Alifuata karatasi, na sisi hatukufuata kitu.

MAJI NI YA NANI?

Wakati wa likizo dada mmoja aliyesoma katika shule hii, ambaye alikuwa avoka wa staji mjini, alikuja kumsalimu mama yake. Wazee wakamwonyesha dosie. Aliisoma siku nzima chini ya mwembe, kisha akawaambia neno ambalo hakuna mtu aliyelifikiri: "Wababa, juu ya udongo tumechelewa. Lakini maji hayamo ndani ya sertifika."

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, sababu ni kiini cha somo hili.

Katika Congo sheria inatenganisha vitu ambavyo macho yetu yanaviona pamoja. Mtu anatazama kilima, anaona kitu kimoja: udongo, mti, maji, na mawe chini. Mwanasheria anaona vitu vinne, na kila kimoja kiko na kitabu chake. Udongo uko na sheria ya 1973, iliyosema kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, na mtu anapewa haki ya kuutumia tu, ile inayoitwa konsesyo. Misitu iko na Kode ya tarehe 29 Agosti 2002. Madini yako na Kode ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Maji yako na sheria yake ya tarehe 31 Desemba 2015. Juu ya zote iko Katiba ya 2006: sehemu ya 9 inatia udongo, vilivyo chini yake, maji na misitu chini ya mamlaka ya Serikali, na sehemu ya 48 inataja haki ya kupata maji ya kunywa.

Basi aliye na konsesyo ya shamba hana milki ya kijito kinachopita ndani yake. Maji ni mali ya wote chini ya ulinzi wa Serikali. Vilevile, ukiwa na shamba na chini yake kuko dhahabu, dhahabu hiyo si yako kwa sababu ya shamba. Tulipolisikia jambo hili wengine walikasirika: namna gani shamba la babu yangu liwe langu juu tu? Lakini sheria ileile inayokukataza dhahabu ndiyo iliyomkataza mwenye ferme kusema kwamba chemchemi ni yake.

Mambo haya si mapya. Tayari mwaka 1914, wakati wa Wabelgiji, kulitoka amri juu ya kuchafua chemchemi, maziwa na mito, na mwaka 1952 dekreti nyingine juu ya matumizi ya maji. Babu zetu waliishi chini ya sheria hizi bila kusomewa hata mstari mmoja.

Yule dada aliandika barua mbili. Moja kwa mwenye ferme, moja kwa mkubwa wa teritwari. Hakuandika matusi, wala hakuandika habari ya mababu. Aliandika tarehe tiyo ilipotiwa, hesabu ya watu wanaokunywa, hesabu ya wagonjwa iliyochukuliwa katika kitabu cha dispansere, na sehemu za sheria. Baada ya majuma sita walikaa mezani. Mwenye ferme alikubali njia yenye upana wa metre mbili kutoka chemchemi mpaka nje ya sengenge, na tiyo ikarudishwa. Karatasi ilitiwa sahihi na kashe; kopi moja iko katika biro ya prefe wa shule. Mashamba ya mihogo yaliyokuwa upande wa juu hayakurudi. Jamaa tano ziliyapoteza, na mmoja wa waandishi wa habari hii ni mtoto wa jamaa moja kati ya hizo.

KAZI YENYEWE IKO NAMNA GANI?

Wengi wanafikiri avoka ni mtu wa kusema sana mbele ya majuji akivaa kanzu nyeusi. Tulimwuliza yule dada ni siku ngapi alisema mbele ya tribinali kwa habari ya chemchemi yetu. Alicheka: hata siku moja. Alituambia kwamba katika mambo ya udongo na maji, kazi kubwa inafanyika mbele ya mashtaka: kusoma matangazo, kwenda mlimani na mwenye kupima, kuandika majina ya waliotumia maji, kutazama tarehe. Anayefika tribinali bila kazi hiyo anafika na mikono mitupu, hata akiwa na sauti kama ngoma.

Kazi hii iko na vyumba vingi. Kuko avoka, anayeweza kusimama mbele ya tribinali yoyote ya kawaida. Kuko difansere, ambaye anasimama katika tribinali ndogo za kwao, na mara nyingi ndiye peke yake anayepatikana mbali na mji. Kuko juji. Mabishano ya udongo unaofuata desturi yanaanza kwenye tribinali ya amani, na wakati wa kuhukumu kwa desturi, wazee wanaoijua wanakaa pamoja na juji. Juji asiyejua chochote juu ya mipaka ya kijiji atawasikia wazee wale bila kuwaelewa. Kuko konservatere, anayetunza vitabu vya sertifika. Mtu huyu kosa lake moja la metre linaweza kuleta vita kati ya vijiji viwili. Kuko watu wa Kadastre ya Madini, wanaogawa nchi yote katika vipande vya mraba, kila kimoja karibu hektari 85, na kuandika nani ameomba kipi na siku gani, sababu katika madini anayetangulia kuomba anatangulia kusikilizwa.

Juu ya misitu tunataka kutaja jambo moja ambalo vijiji vingi havijui. Kode ya 2002 inaruhusu kijiji chenyewe kuomba msitu wake wa desturi uwe konsesyo ya kijiji, bure. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 iliweka kipimo: kufika hektari 50.000, na bila mwisho wa miaka. Gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi. Lakini dosie inataka karata, majina ya ukoo, na mapatano ya majirani juu ya mipaka. Nani ataiandika? Mzee anajua mpaka unapita kwenye mti gani. Hajui namna ya kuuandika. Mtoto wake aliyesoma anajua kuandika, lakini mti haujui. Tunafikiri mwanasheria wa kijiji ni yule anayeweza kutembea na mzee mchana na kuandika usiku.

Na madini? Huku jimboni kwetu tunajua habari za manono na za dhahabu kuliko habari za hesabu zake. Kode ilivyorekebishwa 2018 inagawa malipo yale yanayoitwa redevanse hivi: 50 kwa mia kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta au shefri ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Soma tena ile 15. Inakwenda kwa sekta, si kwa mtu. Tena kampuni inapaswa kuandikiana na wenyeji mapatano ya maendeleo, yale ya kaye de sharje, na kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake. Sekta isiyo na mtu wa kusoma mapatano hayo itapewa darasa moja la mabati na mpira wa kuchezea, na itapiga makofi.

Kode hiyohiyo inasema kwamba mwenye mgodi anapaswa kulipa hasara iliyoletwa na kazi yake, hata kama hakufanya kosa. Lakini hasara inataka kuonyeshwa. Katika mwezi wa 7 na wa 8 mwaka 2021, maji ya mto Tshikapa na ya mto Kasai yaligeuka rangi na samaki wakafa, kwa sababu ya uchafu uliotoka kwenye mgodi wa almasi upande wa Angola. Wizara ya Mazingira ya Congo ilitangaza kwamba watu 12 wamekufa. Wenye mgodi walikubali kwamba kulivuja, lakini walisema ni mchanga na udongo tu, hakuna sumu. Sasa fikiri wewe ni mwanasheria wa kijiji kilicho kando ya mto. Nani alijaza chupa ya maji siku ya kwanza? Iliandikwa saa ngapi, mbele ya nani, ikatumwa laboratwari gani? Bila ile chupa, maneno ya kijiji na maneno ya kampuni yanapimwa sawasawa, na kampuni iko na maneno mengi.

Habari ile inaonyesha pia kwamba maji hayasimami kwenye duane. Ziwa letu lina wenye nne: Congo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizi zilitia sahihi mapatano juu ya Ziwa Tanganyika kule Dar es Salaam, na biro ya kuyasimamia iko Bujumbura. Maji ya ziwa yanatoka kwa mdomo mmoja tu, mto Lukuga, hapa Kalemie. Miaka hii ziwa lilipopanda, nyumba zilizama Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mdomo uko kwetu, mafuriko yako kwa wote. Nani ana haki ya kusafisha mdomo, nani atalipa, na kama maji yakishuka mno, mwenye bandari ng'ambo atamshtaki nani? Maswali haya yanataka watu wanaojua sheria ya mataifa, Kifaransa na Kiingereza pamoja, tena Kiswahili, sababu wavuvi wa pande zote nne wanasikilizana kwa Kiswahili.

NJIA YA KUFIKA

Kwanza diplome ya Serikali. Kisha fakilte ya sheria: kuna ile ya Inivesite ya Lubumbashi, ile ya Inivesite ya Kiprotestanti kule Kinshasa, na nyingine. Zamani ilikuwa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisanse. Kwa mpango mpya ni mitatu ya lisanse na miwili ya masta. Hesabu inabaki mitano. Anayetaka kuwa avoka anaomba kwa baro, anakula kiapo, na kufanya staji miaka miwili chini ya avoka wa zamani. Anayetaka kuwa juji anangoja konkuru, na konkuru haiji kila mwaka.

Hatutaki kuwadanganya. Wengi wa staji hawalipwi, ao wanapewa pesa ya gari tu. Watu wa kijiji wanalipa kwa mbuzi, ao kwa ahadi. Kampuni inalipa vizuri, na wengi wanakwenda huko. Kampuni nayo inahitaji mwanasheria, si dhambi. Ila asifanye kazi asubuhi kwa kampuni na jioni kwa kijiji katika dosie moja. Baro iko na biro ya mashauri ya bure kwa maskini, lakini iko mjini, na chemchemi ziko milimani.

Masomo gani yanasaidia? Kifaransa, hakuna maneno. Sheria zote tulizozitaja zimeandikwa kwa Kifaransa, na Gazeti la Serikali linalozichapa linatoka Kinshasa. Wanaochukia jiografia wajue kwamba mwanasheria asiyesoma karata atadanganywa na anayeisoma. Hesabu pia: yule dada alituonyesha dosie moja ambamo hektari 40 ziligeuka 400, sifuri moja tu. Na lugha ya nyumbani. Sisi wa mjini tunaipoteza haraka, tena tunaona fahari. Siku utakapotaka kumwuliza bibi wa miaka themanini mpaka wa maji ulipita wapi, hatakujibu kwa Kifaransa.

Neno jingine la kuangalia: sheria zinabadilika. Tarehe tulizoandika hapa ni za sheria zilivyotoka; anayesoma gazeti hili baada ya miaka mitano aulize kwanza kama kuna mpya.

KAZI YA KUFANYA KWA VIKUNDI

Mbele ya juma lijalo, kila kikundi kiende kwenye biro ya sekta ao ya teritwari, kisome matangazo yote yaliyobandikwa mlangoni na ukutani, na kuyaandika kwa Kiswahili katika daftari. Msing'oe karatasi. Kama tangazo ni la ankete ya udongo, andikeni: nani anaomba, ni mahali gani, hektari ngapi, na siku ya mwisho ya kupokea maneno ya watu. Kisha mpelekeeni mzee wa kijiji kinachotajwa, mumsomee.

Darasa la tano watafanya kazi nyingine: wapande mpaka chemchemi pamoja na mwalimu wa jiografia, wapime ile njia ya metre mbili, wailinganishe na karatasi ya mapatano. Tulisikia kwamba sengenge imesogea.